Jirani wa Atomi: Namna Maumbo ya Kinano Yanavyoathiri Utoaji wa Nuru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maumbo yenye ukubwa wa nanomita yanavyoathiri nuru inayotolewa na atomi au molekuli iliyosisimuliwa na kuwekwa karibu nayo. Hoja inayotetewa ni kwamba usemi wa "kuongeza nuru", ambao hutumika katika maandishi mengi kana kwamba una maana moja, umebeba mambo matatu: kasi ya atomi kuachia nishati yake, sehemu ya nishati hiyo inayotoka kama nuru badala ya joto, na mwelekeo ambao nuru hiyo inaufuata. Mambo hayo hayapandi wala kushuka kwa pamoja. Mfano uliochambuliwa kwa urefu ni bawa la kipepeo Papilio nireus wa Afrika Mashariki, ambaye magamba yake yameelezwa tangu 2005 kuwa na muundo unaoelekeza nuru ya fluoresensi. Sehemu ya mwisho inahusu upimaji, hususan upimaji unaoweza kufanyika katika maabara ya kawaida ya kufundishia.

1.0 Utangulizi

Chukwani, upande wa kusini wa uwanja wa ndege wa Unguja, inajulikana na wengi kwa jengo la Baraza la Wawakilishi. Walimu wa sayansi wanaifahamu zaidi kwa chuo kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya elimu ya ualimu, ambacho leo kinabeba jina la Abdulrahman Al-Sumait. Mwalimu wa fizikia anayeandaliwa Zanzibar husoma vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, lakini anapotaka kueleweka barabara hurejea katika Kiswahili. Katika marejeo hayo ndimo tatizo la makala haya linamojitokeza. Maneno nuru, mwanga, mng'ao na mwako yamezoea kubadilishana nafasi katika mazungumzo, na aghalabu hakuna madhara. Mtu akisema kioo kinang'aa au taa inang'aa, msikilizaji anaelewa. Katika mada hii, hata hivyo, kioo na taa ni vitu viwili vilivyo kinyume: kimoja kinaakisi nuru iliyotoka kwingine, na kingine kinazalisha nuru yake.

Kwa sababu hiyo, istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi mapema. Kuakisi ni kurudisha nuru iliyofika. Kutoa nuru ni kuzalisha fotoni mpya kutokana na nishati iliyohifadhiwa ndani ya atomi au molekuli. Atomi iliyosisimuliwa ni ile iliyopokea nishati na elektroni yake ikapanda ngazi ya juu. Muda wa kuishi ni wastani wa muda ambao atomi hukaa katika hali hiyo kabla ya kushuka. Fluoresensi ni utoaji wa nuru unaofuata upokeaji wa nuru nyingine, kwa kawaida yenye wimbi fupi zaidi: rangi inapokea zambarau na kutoa kijani, kwa mfano. Nanomita ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Wimbi la nuru inayoonekana lina urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, nalo ndilo kipimo cha kukumbukwa kila neno "karibu" linapotumika hapa.

2.0 Atomi haitoi nuru peke yake

Atomi ya sodiamu ikisisimuliwa hutoa nuru ya manjano yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, na muda wake wa kuishi ni takriban nanosekunde 16. Vitabu vya kiada huorodhesha tarakimu hizo kando ya uzito wa atomi, na mwanafunzi hupata dhana kwamba zote ni mali ya sodiamu kwa namna moja. Uzito ni mali yake kweli. Muda wa kuishi sivyo. Ni mali ya sodiamu ikiwa katika uwazi, mbali na kila kitu.

Albert Einstein aliingiza katika fizikia, mwaka 1916, kizidishio kinachoeleza uwezekano wa atomi kutoa nuru bila ya kuchochewa na nuru nyingine. Hakueleza chanzo chake. Maelezo hayo yalikuja mwaka 1927 kwa Paul Dirac, aliyeonyesha kwamba uwezekano huo unatokana na maafikiano kati ya pande mbili: atomi yenyewe na uga wa sumakuumeme unaoizunguka. Atomi haiwezi kuachia nishati mahali pasipo na wimbi la kuipokea. Kasi ya kuachia, kwa hiyo, ni zao la vitu viwili: nguvu ya atomi kama kitoaji, na wingi wa njia za mawimbi zilizopo mahali pale, katika masafa yale yale ya atomi. Kitu cha kwanza hakibadiliki kwa urahisi. Cha pili hubadilika kila tunapoleta kioo, punje ya dhahabu au tabaka la plastiki, kwa sababu vitu hivyo hupanga upya mawimbi yanayoweza kuwapo hapo.

Mfano wa udi unafaa, na kwa msomaji wa Unguja hauhitaji utangulizi mrefu, maana klabu ya Ikhwani Safaa imekuwapo mjini tangu 1905. Uzi wa udi ukivutwa kati ya misumari miwili ukutani na kupigwa, husikika kwa shida. Uzi huo huo ukifungwa juu ya kasha la udi, sauti yake hujaa chumba. Kasha halikuongeza nishati yoyote. Nishati yote ilitoka kwenye kidole cha mpigaji. Kilichofanyika ni kwamba kasha limeupa uzi njia pana ya kuikabidhi nishati hewani. Matokeo yake huwa mawili kwa pamoja: sauti ni kubwa zaidi, na inakufa mapema zaidi, kwa kuwa akiba ileile inatumika kwa haraka. Sasa mpigaji akiugusisha uzi na kitambaa, sauti pia itakufa mapema, lakini chumba hakitasikia kitu. Kasha na kitambaa, vyote viwili, vinafupisha maisha ya mtikisiko. Anayepima urefu wa maisha peke yake hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichowekwa.

Mfano huu una mpaka wake. Uzi wa udi hupoteza nishati kidogo kidogo, ilhali atomi hutoa fotoni moja nzima kwa mara moja, na saa ya kuitoa haitabiriki. Kinachofupishwa au kurefushwa ni wastani wa muda wa kusubiri, si mwendo wa tukio lenyewe. Mtahini angefanya vyema kuangalia kama mtafiti amelitambua hilo.

3.0 Kutoka Purcell hadi Drexhage

Jina linalotajwa kwanza katika uwanja huu ni la Edward Purcell wa Marekani. Taarifa yake ya mwaka 1946 ni fupi ajabu, aya moja tu katika jarida la Physical Review, na haihusu nuru inayoonekana. Alikuwa akishughulika na viini vya atomi katika masafa ya redio, utafiti uliompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 pamoja na Felix Bloch. Alikokotoa kwamba kiini kinachotoa mawimbi ya masafa ya milioni 10 kwa sekunde, kikiachwa peke yake katika joto la kawaida la chumba, kingehitaji muda wa sekunde zipatazo 5 zikifuatiwa na sifuri 21 ili kufikia mlingano wa joto na mazingira yake. Umri wa ulimwengu haufiki hata sehemu ndogo ya muda huo. Lakini punje ndogo za metali, zenye kipenyo cha sehemu moja katika elfu ya sentimita, zikichanganywa na sampuli, muda huo hushuka hadi dakika. Kiini hakikuguswa. Jirani yake amebadilika.

Kipimo kilichotokana na taarifa hiyo huitwa kizidishio cha Purcell. Kinapatikana kwa kuchukua 3 na kugawa kwa mara 4 ya mraba wa pai, kisha kuzidisha kwa ubora wa chumba cha mawimbi, yaani Q, na kugawa kwa ujazo wa chumba hicho uliopimwa kwa mchemraba wa urefu wa wimbi ndani ya mada husika. Sehemu ya mwanzo ni 0.076 hivi. Chumba chenye Q ya 1,000 na ujazo wa mchemraba mmoja wa wimbi kinatoa kizidishio cha 76. Pengo jembamba kati ya metali mbili lina Q duni, tuseme 10, lakini ujazo wake unaweza kuwa sehemu moja katika elfu ya mchemraba wa wimbi, na hapo kizidishio kinafika 760. Kwa hiyo kuna njia mbili za kufika mahali pamoja: kuweka mawimbi kwa muda mrefu, au kuyabana mahali padogo. Fuwele za fotoni hufuata njia ya kwanza; metali za kinano hufuata ya pili, na hulipa gharama yake kwa joto. Kanuni hii, hata hivyo, inadhani kwamba atomi iko pale ambapo uga una nguvu zaidi, imeelekea upande unaofaa, na masafa yake yanalingana na ya chumba. Tasnifu inayonukuu kizidishio bila ya kuonyesha kama masharti hayo yametimia inanukuu kikomo cha juu, si matokeo.

Jaribio lililoweka jambo hili mbele ya macho lilifanywa na Karl Heinz Drexhage nchini Ujerumani katika miaka ya 1960. Alichukua mchanganyiko wa europiamu unaotoa nuru nyekundu na kuuweka juu ya kioo cha metali, akitenganisha viwili hivyo kwa tabaka za asidi ya mafuta zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila tabaka lilikuwa na unene wa nanomita 2.6 hivi, kwa hiyo umbali uliweza kuhesabiwa kama mtu anavyohesabu kurasa. Muda wa kuishi wa europiamu ulipanda na kushuka kadiri umbali ulivyoongezeka, kama mawimbi yanayotulia, kwa sababu nuru iliyoakisiwa wakati mwingine inarejea ikikubaliana na kitoaji na wakati mwingine ikikipinga. Karibu kabisa na metali, muda ulianguka ghafla: hapo nishati haikutoka tena kama nuru, bali iliingia ndani ya metali na kuwa joto. Hicho ndicho kitambaa juu ya uzi. Kwa maoni ya mwandishi, jaribio hili lingali fundisho bora kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu linaonyesha kasha na kitambaa katika mchoro mmoja.

Majaribio ya atomi zilizo pekee yalichelewa. Mwaka 1983 kundi la Paris, akiwamo Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca ambaye baadaye alipata Nobel ya 2012, lilionyesha atomi za sodiamu zikitoa mnururisho kwa haraka zaidi ndani ya chumba cha metali pitishi-kuu. Mwaka 1985 Randall Hulet, Eric Hilfer na Daniel Kleppner walifanya kinyume chake: walipitisha atomi za sizi kati ya bamba mbili zilizokaribiana kiasi kwamba wimbi la atomi halikuwa na nafasi ya kutokea, na muda wa kuishi ukarefuka takriban mara 20. Atomi ilisubiri kwa kukosa wa kumkabidhi.

4.0 Kasi, ufanisi na mwelekeo

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala, na hesabu zake ni za darasani. Tuchukue molekuli dhaifu ambayo, ikiwa peke yake, hutoa nuru mara 1 kwa kila mara 100 inaposhuka. Mara 99 zilizobaki nishati huwa joto ndani yake. Ufanisi wake ni asilimia 1. Tulete karibu yake punje ya metali inayozidisha kasi ya kutoa nuru mara 50, lakini yenyewe ikinyonya nishati kwa kasi ya 20 katika vipimo hivyo hivyo. Nuru sasa ni 50, joto la ndani ni 99, joto la metali ni 20. Jumla ni 169. Ufanisi umekuwa 50 kwa 169, yaani karibu asilimia 30. Nuru imeongezeka mara 30, na muda wa kuishi umeshuka hadi asilimia 59 tu ya ulivyokuwa.

Tuchukue sasa molekuli bora isiyopoteza chochote, na tuilete karibu na punje ile ile. Nuru ni 50, joto la metali ni 20, jumla ni 70. Muda wa kuishi umefupika mara 70, badiliko kubwa linalovutia macho katika grafu yoyote. Ufanisi, hata hivyo, umeshuka kutoka asilimia 100 hadi 71. Punje moja, umbali mmoja, na majibu mawili yanayopingana. Ndiyo maana ripoti zinazotangaza ongezeko kubwa la nuru mara nyingi huwa zimetumia molekuli dhaifu. Si udanganyifu; ni hesabu. Lakini msomaji ana haki ya kuambiwa ufanisi wa awali ulikuwa kiasi gani.

Jambo linazidi kuchanganya pale molekuli bora inaposisimuliwa kwa nguvu nyingi, bila ya kupewa nafasi ya kupumzika. Hapo kikomo si ufanisi bali ni kasi, na kwa kuwa kasi ya kutoa nuru imepanda mara 50, fotoni zinazotoka kwa sekunde zinaweza kupanda mara 50 vilevile, licha ya ufanisi kushuka. Kwa hiyo hata swali la kama nuru imeongezeka linategemea nguvu ya leza iliyotumika.

Mwaka 2006 makundi mawili, moja la Rochester nchini Marekani na jingine la Zürich, yalionyesha haya kwa molekuli moja moja na punje moja ya dhahabu iliyosogezwa taratibu. Punje ilipokaribia, nuru iliongezeka. Ilipofika umbali wa nanomita chache tu, ilianza kufifia. Pande zote mbili za tabia ya metali zilionekana katika mwendo mmoja wa kusogeza, na kati yake ukawapo umbali mmoja ulio bora.

Mwelekeo ni jambo la tatu. Aliyewahi kupanda juu ya paa la Mji Mkongwe kugeuza antena ya televisheni, ile yenye vijiti kama mifupa ya samaki, anajua kwamba antena hiyo inapokea vizuri upande mmoja na vibaya pande nyingine. Mwaka 2010 Alberto Curto na wenzake wa Barcelona walitengeneza antena ya umbo hilo hilo kwa dhahabu, yenye ukubwa chini ya nanomita 1,000, wakaweka nukta za kwanta kwenye kijiti kimoja, na nuru ikatoka kuelekea upande mmoja. Kifaa kinachopima upande huo kitaona nuru nyingi zaidi hata kama jumla ya fotoni zilizotolewa haikubadilika kabisa.

5.0 Bawa la Papilio nireus

Mfano wa karibu zaidi nasi haukutengenezwa maabara. Papilio nireus ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye mkanda wa buluu-kijani mabawani, aliyeenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwamo. Viwavi wake hula majani ya jamii ya michungwa na mindimu. Mwaka 2005, Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa magamba ya mkanda ule. Kila gamba lina bamba lenye unene wa takriban mikromita 2, lililojaa vitundu vya hewa vyenye kipenyo cha nanomita 240 hivi, vilivyotengana kwa nanomita 340 hivi. Ndani ya bamba hilo kuna rangi ya fluoresensi inayopokea nuru ya karibu na nanomita 420 na kutoa nuru ya karibu na nanomita 505. Chini ya bamba kuna tabaka tatu zinazofanya kazi ya kioo.

Waandishi hao walitambua kwamba mpangilio huu unafanana na ule ambao wahandisi walikuwa wameubuni kwa ajili ya taa za diodi: bamba lenye vitundu juu, kioo cha tabaka chini. Kundi la Massachusetts lilikuwa limeripoti diodi ya namna hiyo mwaka 2001. Ulinganisho huo umenukuliwa mara nyingi tangu hapo, na wakati mwingine umenukuliwa kwa namna inayoupita uwezo wake. Husemwa kwamba kipepeo huyo anatumia athari ya Purcell. Je, ni hivyo?

Tuanze na swali rahisi zaidi: bamba bila vitundu na bila kioo lingefanya nini? Mada ya gamba ina fahirisi ya mpindo wa nuru ya takriban 1.56, ikilinganishwa na 1 ya hewa. Nuru inayozalishwa ndani na kufika usoni kwa pembe inayozidi nyuzi 40 hivi kutoka kwenye mstari wa wima hairuhusiwi kutoka. Inaakisiwa yote kurudi ndani. Ikiwa molekuli zinatoa nuru sawasawa pande zote, sehemu inayoweza kutokea uso wa juu ni asilimia 12 tu, na nyingine kama hiyo inatokea chini. Asilimia 77 inayobaki imenaswa, ikisafiri ubavuni kuelekea ukingo wa gamba ambako hakuna anayeiona. Kwa diodi ya galiamu nitridi, yenye fahirisi ya karibu 2.4, hali ni mbaya zaidi: uso mmoja hupitisha chini ya asilimia 5. Ndiyo sababu mafundi wa diodi walihangaika na vitundu na vioo kabla ya taa hizo kuwa na mwangaza tunaouona leo madukani.

Sasa tuongeze sehemu moja moja. Kioo cha chini kinarudisha juu ile asilimia 12 iliyokuwa ikipotea, na nuru ya juu inakaribia kuwa maradufu. Vitundu vinaivuruga ile iliyonaswa na kuipa nafasi nyingine ya kutoka. Faida hizi zote zinapatikana bila ya molekuli hata moja kubadili kasi yake. Hesabu ya mwelekeo peke yake inatosha kueleza mkanda kung'aa zaidi.

Kuhusu kasi, fikra inapaswa kuwa na tahadhari. Tofauti kati ya 1.56 na 1 ni ndogo mno kuweza kuzuia mawimbi kwa pande zote, na vitundu vya gamba havikupangwa kwa usahihi wa fuwele. Q ya muundo kama huo ni ndogo, na ujazo wake haukubanwa chini ya wimbi kama ilivyo kwa metali. Kizidishio cha Purcell kitakuwa karibu na 1, pengine juu kidogo, pengine chini kidogo, kutegemea molekuli iko wapi. Badiliko hilo lipo, kwa sababu hakuna jirani asiye na athari yoyote, lakini si lenyewe linalolifanya bawa liwe kama lilivyo. Kwa hiyo kumtaja Papilio nireus kuwa mfano wa udhibiti wa mwelekeo ni sahihi, na kumtaja kuwa mfano wa kuharakisha utoaji wa nuru ni dai linalohitaji kipimo cha muda.

Kuna tahadhari nyingine. Mkanda ule haung'ai kwa fluoresensi peke yake. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Trzeciak, Wilts, Stavenga na Vukusic mwenyewe ulieleza rangi za mabawa ya kundi la nireus kwa tabaka zinazoakisi, pamoja na rangi inayochuja mawimbi mafupi. Yaani kile ambacho jicho linakiona mchana ni mchanganyiko wa kuakisi na kutoa nuru, ndiyo maana tofauti ya istilahi iliyowekwa mwanzoni haikuwa ya mapambo. Mwanafunzi anayeandika kwamba "bawa linang'aa buluu" hajasema bado ni fotoni zipi anazozizungumzia.

6.0 Upimaji

Mtu anaweza kwenda kwenye kituo cha vipepeo cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, ambako wanavijiji hulea viluwiluwi vya vipepeo wa Unguja, na akamulika mabawa kwa tochi ya urujuani ili aone kama rangi fulani inatoa fluoresensi. Jambo hilo ni rahisi na lina manufaa kwa kufundishia. Hata hivyo halitamwambia lolote kuhusu kasi. Rangi za viumbe kwa kawaida huishi nanosekunde chache zikisisimuliwa, na kupima muda mfupi kiasi hicho kunahitaji leza ya mapigo na kihesabu cha fotoni moja moja, vifaa ambavyo bei yake haiendani na bajeti ya maabara nyingi za ualimu.

Europiamu ya Drexhage inatoa njia nyingine. Muda wake wa kuishi unakaribia milisekunde moja katika michanganyiko mingi, mrefu mara maelfu na maelfu kuliko wa rangi za kawaida. Diodi ya urujuani inayowashwa na kuzimwa, kipokea-nuru cha kawaida chenye kichujio chekundu, na osiloskopu ya darasani vinatosha kuchora mkunjo wa kufifia. Sampuli mbili zikitayarishwa, moja juu ya kioo kitupu na nyingine juu ya kioo kilichopakwa fedha kikiwa na tabaka jembamba la plastiki katikati, tofauti ya muda inaweza kutafutwa kwa macho ya mwanafunzi mwenyewe.

Ugumu uko kwenye tafsiri. Tuseme ufanisi wa europiamu katika mchanganyiko uliotumika ni asilimia 25, na kioo cha fedha kinafanya kasi ya kutoa nuru iwe maradufu. Kasi ya jumla itapanda kutoka 1 hadi 1.25 tu, na muda utafupika kwa asilimia 20. Anayesoma asilimia 20 kana kwamba ndiyo athari yote ya kioo atakuwa ameipunguza mno. Ufanisi wa awali lazima ujulikane, kama ulivyohitajika katika hesabu ya sehemu ya nne.

Halafu kuna unyevu. Europiamu huathiriwa sana na molekuli za maji zinazoigusa, kwa kuwa mitikisiko ya kifungo cha oksijeni na haidrojeni huchukua nishati yake na kuigeuza joto. Ndani ya maji ya kawaida ayoni yake huishi takriban milisekunde 0.11, ndani ya maji mazito, ambayo haidrojeni yake imebadilishwa na deteriamu, huishi karibu milisekunde 4. Huyu ni jirani wa namna nyingine kabisa: hagusi njia za mawimbi, anagusa joto tu, lakini kwenye osiloskopu anaonekana sawa na kioo. Katika hewa ya pwani kama ya Chukwani, sampuli iliyoachwa mezani usiku kucha inaweza kufupisha muda wake wa kuishi bila ya kioo chochote kuhusika. Kwa hiyo sampuli isiyo na fedha inapaswa kutayarishwa siku moja na ile yenye fedha, zikaushwe pamoja, zihifadhiwe katika chombo kimoja chenye dawa ya kunyonya unyevu, na zipimwe kwa kupokezana, si moja asubuhi na nyingine jioni.